Kumpongeza mtoto katikati ya msimu wa korosho: mwongozo kamili kwa mzazi

Kwetu kusini mwa Tanzania, iwe Newala, Tandahimba, Masasi au Nanyumbu, mambo makubwa ya watoto huangukia miezi ileile ambayo mzazi hana nafasi hata ya kukaa. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, korosho za mwanzo zimeshaanza kudondoka. Oktoba ni upimaji wa darasa la nne, na minada imefunguliwa. Matokeo ya la saba hutoka kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, wakati ambao mtu anaingia shambani alfajiri na kutoka na giza. Novemba hiyohiyo kidato cha nne wako kwenye chumba cha mtihani, watoto wa awali wanaagwa, na mwanzoni mwa Desemba shule zinafungwa huku mvua za kwanza zikitaka mbegu ardhini. Mtoto wa mwaka mmoja naye hangoji msimu uishe. Atapiga hatua yake ya kwanza siku mama yuko chini ya mikorosho.

Hapo wazazi wengi huishia kwenye moja ya njia mbili. Mmoja anasema "tutafanya pesa ikitoka", jambo linapita kimya, na pesa ikitoka limeshasahaulika. Mwingine anaogopa maneno ya majirani, anakopa kwa mlanguzi ili afanye sherehe, na Januari inamkuta hana pesa ya sare. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kutenganisha pongezi na sherehe. Pongezi hutolewa siku ileile jambo lilipotokea, haina gharama, na haiahirishwi. Sherehe ni wageni, chakula na zawadi, na hiyo inaweza kungoja mpaka mkulima aingiziwe pesa yake. Nauandika kwa mkulima wa korosho kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua, lakini mwenye duka wakati wa sikukuu au fundi cherehani wa Desemba ataona mwenyewe pa kubadilisha.

Hatua ya 1: Kalenda mbili kwenye karatasi moja

Fanya hili Julai, wakati wa kupulizia salfa na kusafisha chini ya mikorosho, kabla mambo hayajachanganya. Chukua karatasi ya daftari, ipige mstari katikati. Upande wa kushoto andika ya watoto: tarehe ya mtihani, ya mahafali, siku ya kuhitimu madrasa au kupokea Komunyo ya Kwanza, siku ya kuzaliwa, tarehe ya kliniki ya mdogo. Upande wa kulia andika ya korosho: lini mnatarajia kuanza kuokota, lini mtahamia shambani ikiwa shamba liko mbali, lini vibarua wataingia, lini mtapeleka mzigo wa kwanza ghalani.

Tarehe za watoto usizikisie. Nenda shuleni umuulize mwalimu wa darasa, au mpigie. Mahafali hupangwa na shule kulingana na nafasi ya mgeni rasmi, kwa hiyo tarehe inaweza kusogezwa, na mzazi ambaye namba yake mwalimu anayo ndiye anayepata taarifa mapema.

Karatasi hiyo ibandike ukutani karibu na mlango, mahali ambapo mtoto mwenyewe anaiona kila akitoka. Mtoto akiona jina lake limeandikwa sambamba na "mzigo wa kwanza ghalani" ameshajua kwamba siku yake inahesabika kama kazi nyingine yoyote ya nyumbani. Na nyinyi wazazi mtaona mapema siku zinazogongana. Ikiwa mahafali ni siku ambayo gari la kubeba magunia limeahidiwa, mna miezi miwili ya kupanga nani aende wapi, badala ya kugombana alfajiri ile.

Hatua ya 2: Amua nini kina siku yake

Si kila jambo linahitaji uzito uleule, na mzazi anayejaribu kushangilia kila kitu atachoka kabla ya Oktoba kuisha. Mimi hutumia swali moja tu: je, mtoto ataangaza macho kututafuta? Kwenye mahafali, kwenye kisomo cha kuhitimu Qurani, kanisani siku ya Komunyo, ataangaza macho. Hapo lazima awepo mtu wake. Kung'oka jino la kwanza, kusoma ukurasa mzima bila kusaidiwa, kuendesha baiskeli bila kushikwa, kuchemsha chai ya nyumba nzima bila kumwagika, hayo yanatosha pongezi ya jioni nyumbani. Jino litupwe juu ya bati kama ilivyo desturi, watu wapige vigelegele, maisha yaendelee.

Hatua ya 3: Robo saa ya siku yenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke hata kama zote nyingine zitakushinda.

Siku jambo lilipotokea, kabla mtoto hajalala, tenga robo saa. Siyo wakati mnachambua korosho. Mzazi anayesema "hongera mwanangu" huku mikono inatenganisha daraja la kwanza na la pili hajasema kitu. Nawa mikono, kaa chini, mwite mtoto kwa jina lake kamili, akae mbele yako. Simu iwe mbali. Kama wewe ndiye katibu wa chama na inalia kila dakika, mpe mtu mwingine aishike.

Kisha mambo manne, kwa mpangilio huu.

Sema alichokifanya, kwa undani. "Hongera kwa kufaulu" ni neno linaloweza kusemwa kwa mtoto yeyote. "Nilikuona ukiamka kusoma kabla ya kwenda shule, na hesabu za sehemu zilizokutoa machozi mwezi wa tano leo umezipata" ni neno la mtoto mmoja tu, na atalikumbuka. Kama hukuwepo kuona, muulize aliyekuwepo kabla hujaanza kusema.

Muulize yeye. "Ilikuwaje?" Mwache asimulie mpaka mwisho, hata akirudia. Watoto wetu wamezoea kusikiliza wakubwa. Jioni hii wakubwa ndio wasikilize.

Awepo shahidi. Pongezi ya faraghani ni nzuri, lakini pongezi mbele ya bibi, mjomba au jirani ina uzito zaidi. Kwa sisi Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ukoo unahesabiwa upande wa mama, neno la mjomba si dogo. Kama anakaa mbali, mpigie, weka sauti ya juu, aongee na mtoto moja kwa moja. Mweleze mjomba mapema unataka aseme nini, asije akaanza kuuliza bei ya mnada.

Mwisho, mpe kitu kidogo kinachotoka humu ndani. Achague yeye chakula cha kesho. Alale kwenye mkeka wa bibi. Asamehewe kuosha vyombo siku mbili. Apewe kiti cha baba wakati wa kula. Au achomewe korosho zake mwenyewe.

Kwenye kuchoma korosho, neno moja la usalama. Mafuta yaliyomo kwenye ganda huunguza ngozi, na moshi wake huchoma macho na koo. Mkubwa achome nje, kwenye bati au karai kuukuu, akae upande unakotoka upepo, watoto wawe mbali. Zikishawaka na kuwa nyeusi, zimwagie mchanga mkavu moto uzimike na mchanga unywe mafuta. Zikipoa, mkubwa huyohuyo ndiye apasue maganda. Mtoto aitwe wakati wa kumenya ngozi nyembamba na kula, na hiyo ndiyo sehemu anayoipenda.

Hatua ya 4: Pesa, na kwa nini usiguse kangomba

Sherehe nyingi za msimu huharibikia hapa. Mtoto amefaulu, nyumbani hakuna kitu, na yuko mtu mtaani mwenye kipimo chake cha bakuli na pesa taslimu mfukoni. Hiyo ndiyo kangomba, yaani kuuza korosho nje ya mfumo rasmi kwa bei ya chini, na inaonekana msaada kwa sababu inakuja siku ileile. Fanya hesabu kwanza. Tuseme anakupimia kwa shilingi 1,000 kwa kilo, na mnadani korosho hiyohiyo ingekupa 3,000. Ukichukua 50,000 ya soda na pilau, umetoa kilo 50 ambazo zingekuletea 150,000 kabla ya makato. Wageni wamekula 50,000. Mtoto amepoteza sare, viatu na madaftari ya Januari. Tena kangomba ni kosa kisheria, na msimu wenye msako unaweza kupoteza mzigo wote.

Mfumo wetu wa stakabadhi ghalani, uliopo kwenye korosho tangu 2007, haulipi siku unayopeleka mzigo. Unapeleka kwenye chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimiwa, unapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada, mnunuzi analipa, makato yanatolewa, ndipo pesa inaingia kwenye akaunti yako. Ukipeleka kwa mafungu, italipwa kwa mafungu. Kwa hiyo usitangaze tarehe ya sherehe kwa kuhesabu siku za mnada. Wanaokumbuka Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya mvutano na wanunuzi, wanajua jinsi wengi walivyokaa miezi wakisubiri malipo. Waliokuwa wamealika watu walialika kwa pesa ya hewani.

Utaratibu ninaoushauri ni huu. Kuanzia wakati wa mbaazi, Julai na Agosti, kila mkiuza kitu kidogo, weka chochote kwenye kibubu cha watoto. Hicho ndicho kitakachonunua taji la maua siku ya mahafali na nauli ya kufika shuleni, na mnakivunja kwa ajili ya hayo tu. Kama uko kwenye kikundi cha VICOBA, omba zamu au mkopo mdogo wa Septemba mapema, maana wanachama wenzako nao wana watoto wa darasa la saba. Pesa ya korosho ikiingia, igawe kwanza kwa bahasha: ya shule Januari, ya chakula cha masika, ya pembejeo, ya madeni. Kilichobaki ndicho cha sherehe, na kama ni kidogo sherehe itakuwa ndogo.

Hatua ya 5: Siku ya mahafali

Mahafali ya darasa la saba yana ngonjera, risala, nyimbo, harambee ya madawati, na mgeni rasmi anayechelewa. Panga siku nzima, siyo saa mbili. Ikiwa mko wawili na mmoja lazima abaki na mzigo, amueni kwa kumuuliza mtoto anataka nani awepo. Jibu lake linaweza kuwashangaza. Mara nyingi ni bibi.

Anayekwenda awahi kukaa mahali ambapo mtoto atamwona. Wakati wa kutunza, wazazi wanapoinuka na kanga, mataji na noti, usibaki umekaa eti huna noti. Inuka na kanga yako, mpepee mwanao, piga kigelegele kama wengine. Mtoto anachokitaka pale mbele ni kuona mtu wake ameinuka.

Jambo dogo linaloharibu siku kubwa: maji ya bibo, lile tunda la mkorosho. Yakikauka kwenye shati jeupe la shule, sabuni yote ya dukani haitayatoa, na msimu huo nyumba nzima ina mabibo, mikono ya watu ina mabibo, mkeka una mabibo. Wiki moja kabla, fua sare, ipige pasi, itie kwenye mfuko na uipeleke nyumba isiyo na korosho. Mtoto avae hukohuko asubuhi. Akirudi kutoka mahafali abadilishe nguo kabla hajagusa chochote, kwa sababu shati hilo mdogo wake atalihitaji.

Ikiwa hakuna mzazi anayeweza kwenda kabisa, usimwache mtoto aligundue hilo akiwa mstari wa mbele. Mwambie siku tatu kabla, mweleze sababu bila kuizungusha, na mtaje nani atasimama badala yako. Huyo mtu, awe shangazi au jirani, mpe kazi ya wazi: akae mbele, atunze, apige picha, na asiondoke mpaka mtoto aondoke. Kisha andika barua fupi kwa mkono wako, aibebe yeye ampe mtoto baada ya kupokea cheti. Mistari mitano inatosha. Kama kuandika kunakusumbua, rekodi sauti kwenye simu yake.

Hatua ya 6: Matokeo yanapotoka

Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, hayakupi taarifa ya siku mbili. Yanatangazwa, na saa hiyohiyo kijana wa jirani mwenye bando ameshafungua orodha ya shule nzima na anasoma kwa sauti barazani. Kabla ya msimu huo kuanza, hakikisha unayo namba ya mtihani ya mwanao imeandikwa kwenye karatasi ya ukutani, na mkubaliane nyumbani kwamba mtoto ndiye wa kwanza kuambiwa, na ataambiwa na mzazi. Ukiyapata ukiwa shambani, acha unachofanya. Gunia halitaota miguu.

Amefaulu: fanya robo saa ya Hatua ya 3 jioni hiyo. Usiahidi zawadi kubwa kwa furaha ya dakika ile. Baiskeli iliyoahidiwa Novemba na isiyoonekana Februari inaumiza kuliko kutoahidi. Kumbuka pia kwamba uchaguzi wa shule za sekondari hutangazwa baadaye, kwa kawaida Desemba, kwa hiyo bado kuna siku nyingine ya furaha au ya masikitiko mbele. Usiimalize furaha yote leo.

Hakufaulu: huyu anahitaji robo saa kuliko yule aliyefaulu. Kumaliza miaka saba ya shule, wengine wakitembea kilomita nyingi kila asubuhi, ni jambo lililokamilika na linastahili kutajwa. Mwambie: "Umemaliza. Hukutoroka shule hata msimu wa korosho ulipokuwa unakuvuta. Tutakaa tuone njia inayofuata." Kisha kaeni kweli, wiki hiyohiyo, mjue kama ni chuo cha ufundi cha VETA atakapofikia umri, au ni kazi ya mikono kwa fundi wa hapa kijijini. Asilinganishwe na binamu yake. Na kama nyumbani kuna wawili, mmoja kafaulu mwingine la, kila mmoja apewe jioni yake.

Nisemalo hapa nalisema kwa uchungu: mtoto aliyekosa shule wiki nzima za msimu kwa sababu ya kuokota korosho za wazazi wake, kisha akalaumiwa kwa matokeo, amedhulumiwa mara mbili. Kusaidia baada ya shule na Jumamosi ni malezi, na mtoto hufurahia kujua kazi ya kwao. Kumtoa darasani ni jambo jingine. Siku ya furaha yake nayo iwe likizo kamili. Asiambiwe "okota debe moja tu kwanza, halafu tukupongeze."

Hatua ya 7: Wale wadogo

Mtoto mchanga anabaki nyumbani na bibi au dada, na mambo yake mengi ya kwanza yatatokea mbele yao. Usimwekee mlezi kinyongo kwa hilo, na usimfanye afiche. Mwambie wazi: "Akisimama dede, akitoa hatua, akitamka neno, nipigie au niandikie." Weka daftari dogo juu ya kabati la vyombo, na asiyejua kuandika aweke alama ambayo mtaisomea jioni. Ukirudi, mshushe mtoto chini, kaa hatua mbili mbele yake, mnyooshee mikono. Atafanya tena. Kwake yeye hiyo ya jioni, ukiwa umepiga makofi, ni ya kwanza vilevile.

Punguza mashindano ya barazani kuhusu nani katembea mapema. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, watoto wenye afya huanza kukaa bila kushikwa kati ya takriban miezi 4 na 9, na kutembea wenyewe kati ya takriban miezi 8 na karibu 18. Nafasi ni pana. Lakini akifika miezi 18 hajatembea, au akiacha jambo alilokuwa analiweza, mpeleke kituo cha afya hata kama ni siku ya mnada. Miezi 9 na 18 ni tarehe za chanjo ya surua na rubela, kwa hiyo safari ipo kwenye kadi tayari. Nami huichukulia safari ya kliniki yenyewe kama siku ya mtoto: nguo safi, mgongoni kwa mama, na kwenye njia ya kurudi tunapita kwa bibi aone uzito umepanda.

Hatua ya 8: Sherehe, pesa ikishaingia

Subiri mpaka ujumbe wa benki usome kwenye simu, na bahasha za Hatua ya 4 zijae. Hapo chagua siku, mara nyingi ni wiki ya mwisho wa Desemba au ya kwanza ya Januari kabla shule hazijafunguliwa. Sherehe moja inaweza kubeba watoto wote wa nyumba: wa la saba, wa awali, aliyeanza kutembea. Sharti ni kwamba kila mmoja aitwe peke yake, asimame, itajwe habari yake, atunzwe, akae, ndipo aitwe mwenzake. Keki moja haina shida. Hotuba moja ya "watoto wetu wote" ina shida.

Wageni wasizidi watu mnaoweza kuwataja majina bila kufikiri. Mimi siafiki kuunda kamati na kuchangisha kwa kadi kwa ajili ya mtoto wa darasa la saba. Michango hiyo italipwa, na atakayelipa ni bahasha ya sare. Kwa watu 15, nusu wakiwa watoto, kilo 2 za mchele, kuku wawili wa kienyeji, nazi tatu, na sinia la embe vinatosha. Embe msimu huo ni bwerere.

Kwetu juu ya uwanda wa Makonde kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulifikiria: maji. Kama mabomba hayatoi, ndoo za kupikia, kunawia na kuoshea vyombo zitanunuliwa, na mara nyingine zinazidi gharama ya mchele. Hesabu ndoo kabla ya kuhesabu kuku. Mvua ikiwa imeanza, tega mapipa chini ya bati siku chache kabla.

Kinywaji kinaweza kuwa cha shambani kama bado kuna mabibo. Chagua yaliyoiva siku hiyo, yaoshe, yakamue na kuchuja kwa kitambaa. Ile hali ya kukaba koo inapungua ukichanganya na maji ya wali yaliyopoa, ukaiacha itulie mpaka tope lizame, kisha ukamimina ya juu na kutia sukari kidogo. Inywewe siku hiyohiyo. Ikilala inaanza safari ya kuwa uraka, yaani pombe ya mabibo, na hiyo si ya watoto.

Desemba ni pia wakati wa jando na unyago kwa familia nyingi, na kuna kishawishi cha kuunganisha kila kitu. Nashauri msiunganishe. Jando na unyago vina wenyewe, vina makungwi na taratibu zake, na mtoto aliyefaulu mtihani anastahili siku ambayo ni ya kufaulu tu. Likizo ikiwa fupi, pongezi ya shule itangulie.

Hatua ya 9: Karatasi zihifadhiwe

Kila mtoto awe na bahasha yake ngumu, iwekwe kwenye mfuko wa nailoni, juu, mbali na chumba cha korosho ambako panya hawakosekani. Ndani yake: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kumaliza shule, barua uliyomwandikia, picha moja iliyosafishwa, na ukurasa wa lile daftari la juu ya kabati. Ikiwa mdogo hajasajiliwa, watoto wa chini ya miaka 5 huandikishwa bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, kwa hiyo unganisha na safari ya chanjo. Kwa aliyechaguliwa kidato cha kwanza, shule itaomba nakala za cheti cha kuzaliwa atakaporipoti Januari. Zitoe mjini siku ileile unayokwenda benki kuchukua pesa ya korosho, maana baada ya hapo foleni za sare na fomu za kujiunga zitakuwa zimefika barabarani.